Hadhira Isiyoulizwa: Mapokezi ya Mdahalo wa Wagombea Wenza wa 2022 katika Homa Bay na Migori

Usiku wa Jumanne, 19 Julai 2022, Martha Karua wa Azimio la Umoja na Rigathi Gachagua wa Kenya Kwanza walisimama mbele ya waendeshaji wawili, Sophia Wanuna na James Smart, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki jijini Nairobi, wakajibizana juu ya uongozi, uchumi, ufisadi na uadilifu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchini Kenya kwa wagombea wenza wa miungano miwili mikuu kukabiliana namna hiyo. Mdahalo wa aina hiyo uliitishwa pia mwaka 2017, akafika mgombea mwenza mmoja tu, naye akajibu maswali peke yake.

Wanenaji wawili wa usiku ule wamejadiliwa vya kutosha. Kilichosahauliwa ni hadhira. Makala haya yanashughulikia sehemu moja tu ya hadhira hiyo, yaani watazamaji wa Homa Bay na Migori, kaunti mbili za kusini mwa Nyanza ambazo kwa hesabu ya watu ya 2019 zilikuwa na wakazi 1,131,950 na 1,116,436. Ni rahisi kudhani kwamba mapokezi ya watu hawa hayana la kuchunguzwa, kwa kuwa kura zao zilikwisha kujulikana: nyumba ya Odinga ina mizizi huko, na mnamo 9 Agosti kaunti zote mbili zilimpa Raila Odinga ushindi mkubwa. Dhana hiyo ina kasoro. Mtu aliyekwisha kuamua atakayempigia kura bado husikiliza, hupima na kutoa hukumu juu ya usemi. Hukumu hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, awe amekalia kiti cha chuo au benchi la mkahawa.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba wanenaji wote wawili walitoka eneo la Mlima Kenya, Karua Kirinyaga na Gachagua Nyeri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtoto wa nyumbani kwa mtazamaji wa Mbita au Awendo. Kwa hiyo ule ushabiki wa damu, ambao wachambuzi wa siasa za Kenya huutumia kufafanua kila kitu, haukuwa na pa kushika moja kwa moja. Karua alitazamwa kama mtu aliyetumwa, anayesema kwa niaba ya mwingine. Na mjumbe, katika jamii yoyote yenye mapokeo ya masimulizi, hupimwa kwa namna anavyoufikisha ujumbe.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu 1974 Kiswahili kimekuwa na nafasi Bungeni. Hata hivyo, mdahalo wa watu wanaotaka kushika cheo cha pili katika taifa ulifanyika kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Wanenaji hao hao, walipokuwa wakiomba kura sokoni na viwanjani, walitumia Kiswahili bila taabu, na msamiati uliotawala kampeni nzima, kama mama mboga, bodaboda na mengineyo, ulitokana na Kiswahili cha mtaani. Maana yake ni kwamba umma ulionekana kuistahili lugha yake wakati wa kuombwa, lakini si wakati wa kujibiwa. Hii ni kasumba ya zamani, ya kudhani kwamba fikra nzito haibebeki kwa Kiswahili, na inasikitisha kuikuta ingali hai katika ukumbi wa chuo kikuu.

Mtazamaji asiyepewa maudhui kwa lugha yake hufanya nini? Hushika fani. Swali lililotawala mazungumzo baada ya mdahalo lilikuwa: nani kamshinda nani? Mjaluo angeuliza ni nani oloyo, aliyeshinda, kwa kitenzi kile kile kinachotumika kwa mpira na kwa mieleka. Wasomi hulidharau swali hilo. Lakini Dholuo kina neno piem, ambalo hukusanya pamoja kushindana na kubishana, na aliyelelewa ndani ya neno hilo haoni aibu kuyatazama mabishano kama mashindano yenye kanuni. Kuna pia pakruok, majigambo yanayofanyika penye ngoma ya nyatiti, ambapo mtu hulipa ili muziki usimamishwe, kisha akajisifu au akamsifu mwenziwe kwa tamathali za mkato, na hadhira ikamwitikia au ikamcheka. Kanuni za pakruok ni kali: usirefushe, usirudie la mwenzako, na ukitajwa, jibu kabla kicheko hakijaisha. Mtazamaji aliyeuzoea utanzu huo akimtazama Karua akijibu kwa ukavu wa mwanasheria, na Gachagua akijibu kwa masimulizi na mzaha, anacho kipimo tayari mkononi. Hahitaji kuifahamu kila sentensi ili atambue nani amekatwa kauli na nani amelikwepa swali.

Kipimo cha Kiswahili chenyewe ni tofauti kidogo. Ngonjera, kama zilivyokuzwa na Mathias Mnyampala, huwapambanisha wanenaji wawili wenye mawazo yanayopingana, lakini aghalabu mmoja huishia kuridhika na hoja ya mwenziwe. Mdahalo wa televisheni hauna mwisho huo. Saa ikifika, kila mmoja hubaki pale alipoanzia. Yamkini ndiyo maana hadhira hulazimika kuumaliza yenyewe, nje ya ukumbi, kwa kubishana hadi usiku wa manane. Katika utanzu huu fanani huacha kazi nusu.

Umaliziaji huo hufanyika kwa tafsiri. Penye televisheni moja na watu wengi, hutokea mtu mmoja, mara nyingi kijana aliyemaliza shule ya sekondari, akawa mkalimani bila kuteuliwa. Wengine hungoja redio, kwani stesheni za Dholuo kama Ramogi FM na zile za Kiswahili huyarudia mambo kwa maneno mengine. Hasa wavuvi wa omena, ambao usiku ndio mchana wao. Tafsiri za namna hii zinastahili kuchunguzwa kuliko hotuba zenyewe. Uchukuliwe mfano wa hoja iliyotajwa sana na Kenya Kwanza katika kampeni ile, ya watu wachache kuishika serikali kwa faida yao. Kiswahili cha habari kiliiita kutekwa kwa dola. Lakini kitenzi kuteka kina maana zaidi ya moja. Pwani ya ziwa, mtu huteka maji kila asubuhi, wala si kosa. Majambazi huteka nyara, nalo ni kosa la jinai. Msikilizaji anaposikia kwamba dola imetekwa, je, anafikiria mtungi au bunduki? Pengine picha ya mtungi ndiyo sahihi zaidi, kwa kuwa walioshutumiwa walidaiwa kuchota kidogo kidogo. Hakuna aliyemwuliza.

Istilahi ya cheo chenyewe nayo ina historia. Kabla ya Katiba ya 2010 Kenya ilikuwa na Makamu wa Rais, na wa kwanza kukishika cheo hicho alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, kuanzia 1964 hadi alipojiuzulu 1966. Katiba mpya ikaleta Naibu Rais. Kwa mzee wa Kendu Bay neno makamu halikufa. Limebeba kumbukumbu ya kuondoka kwa Jaramogi serikalini na ya miaka iliyofuata. Mpakani Isebania neno hilo li hai kwa sababu nyingine: upande wa pili wa barabara, Sirare, ni Tanzania, ambako Makamu wa Rais yupo na mgombea mwenza amekuwapo tangu uchaguzi wa 1995. Ama neno mwenza, linakaa vibaya kidogo katika nchi ya wake wengi. Mke mwenza kwa Dholuo ni nyieka, na shina la neno hilo lina harufu ya wivu. Msemaji wa lugha mbili hawezi kulisikia jina la cheo hiki bila tabasamu, na yaliyotokea baadaye kati ya Rais na Naibu wake hayakumwondolea tabasamu hilo.

Ni kosa pia kuihesabu Migori kuwa hadhira moja. Humo wamo Waluo, Wasuba, Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali, na kinachowaunganisha sokoni ni Kiswahili. Upande wa Kuria, UDA ilikuwa na wafuasi wengi. Ikiwa palikuwa na mahali ambapo mdahalo kwa Kiswahili ungewafanya majirani wa vyama tofauti wabishane juu ya maneno yale yale waliyoyasikia, mahali hapo ni Migori. Badala yake kila kundi lilipokea tafsiri yake.

Kuhusu Karua kama mwanamke, maneno machache yatatosha. Desturi ya Kiluo humtambulisha mwanamke kwa kwao: nyar, binti wa mahali fulani. Nyar Kirinyaga ni jina linalompa mgeni kiti ndani ya ukoo bila kumfanya mwenyeji. Wapiga kura wa Homa Bay, ambao wiki tatu baadaye walimchagua Gladys Wanga kuwa gavana wao, hawakuhitaji kufundishwa kwamba mwanamke aweza kusema hadharani.

Lakini uhakiki wa fani peke yake una hatari, na haifai kuificha kwa ajili ya kuwasifu watazamaji. Maswali ya uadilifu aliyoulizwa Gachagua yalihusu mali na mashtaka, nayo yalijibiwa kwa lugha ya mahakama. Mnamo 28 Julai, siku tisa baada ya mdahalo, Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 zake zichukuliwe na serikali. Yeye akakana kosa na kukata rufani. Mtazamaji aliyeweza kuona tu kwamba mnenaji hakutetemeka alikosa njia ya kupima kama jibu lilikuwa jibu. Ujasiri wa sauti ulichukua nafasi ya ushahidi, na lawama ya jambo hilo si ya aliyekaa kwenye benchi.

Oktoba 2024 Bunge lilipojadili hoja ya kumwondoa Gachagua madarakani, wananchi wa kaunti zote 47 waliitwa tarehe 4 kutoa maoni. Wengi waliosimama kushika kipaza sauti siku hiyo nchini walisema kwa Kiswahili. Maswali waliyouliza, juu ya mali, juu ya ukabila, juu ya kiapo, yalikuwa kwa kiasi kikubwa yale yaliyoulizwa kwa Kiingereza miaka miwili na miezi mitatu iliyotangulia, katika ukumbi ambao wao hawakuwamo.