Ubao wa herufi hautoshi: kupima lenzi za presbiopia

Presbiopia huanza kujitokeza mtu anapokaribia miaka 40, lenzi ya asili ya jicho inapokakamaa na kushindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Lenzi za kuvaa jichoni zenye nguvu zaidi ya moja hulikabili tatizo hilo kwa ujanja: mara nyingi katikati huwekwa nguvu ya karibu, pembeni ya mbali, picha zote mbili huingia pamoja, na ubongo huachiwa kazi ya kuchagua. Ndiyo maana mtu husoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini, kisha usiku akaona taa za pikipiki zimezungukwa na ukungu. Kero hiyo inamsumbua kiasi gani, anayejua ni yeye tu.

Kwa hiyo huulizwa mwenyewe. Dodoso la NAVQ la kupima ugumu wa kuona vya karibu, lililotolewa Uingereza mwaka 2012, lina maswali 10, yakiwemo ya gazeti, bei za bidhaa, bili ya umeme, simu na kompyuta. Majibu hayajumlishwi hivihivi, maana maandishi madogo ya gazeti na tarakimu za simu si ugumu mmoja. Hesabu ya Rasch huyapima maswali kwa ugumu wake na kutoa alama kati ya 0, yaani hakuna shida, na 100. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 2016, watu 35 walivaa kila aina ya lenzi iliyojaribiwa kwa wiki 4. Hapo kila mtu hulinganishwa na nafsi yake. Mlalamishi wa kuzaliwa huzilalamikia zote, hivyo hapotoshi ulinganisho.

Ila bili ya umeme haisemi mengi katika mtaa wa Mabanga, Goma, mashariki mwa Kongo. Somo lipo Kongwa, Tanzania, ambako utafiti wa mwaka 2006 ulikuta presbiopia kwa asilimia 61.7 ya wenye miaka 40 na zaidi. Kijijini huko kazi za macho ya karibu ni kupepeta nafaka, kuchagua mchele, kuwasha taa. Mabanga dodoso lingeuliza juu ya fundi anayetia uzi kwenye sindano, na mchuuzi anayekagua noti ya dola isije ikawa na mpasuko mdogo, ikakataliwa. Lingeuliza pia juu ya kuchagua maharagi kwa tochi umeme ukikatika: gizani mboni hupanuka, nguvu ya pembeni ikatawala, na vya karibu vikafifia. Tena lisiishie kwenye kuona, liulize pia juu ya uvaaji wenyewe. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo huingia chini ya lenzi, na maji ya bidoni hayaruhusiwi kuigusa, kwa hofu ya vijidudu vinavyokula kioo cha jicho.