Herufi ya Mwisho kwenye Prosesa

Mashine zilikuwa mbili juu ya meza moja katika chumba cha kompyuta huko Korbesa, upande wa Merti, kaunti ya Isiolo. Ya kwanza ilikuwa Dell OptiPlex 7010, kasha refu la kusimama. Ya pili ilikuwa Lenovo ThinkCentre M92p Tiny, kisanduku chembamba unachokibeba kwa mkono mmoja. Zote zilitumika ng'ambo kabla ya kuuzwa Nairobi, na risiti zao zilisema jambo moja: i5-3470. Mwalimu aliyezipokea alitaka tu kujua ipi iunganishwe na sola mchana kutwa na ipi ingoje jenereta.

Fundi hakumjibu. Aliitikia salamu, akavua saa ya mkononi, akatandika kitambaa cha pamba mezani na kupanga vitu vyake kutoka kushoto kwenda kulia: bisbisi mbili, brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, chupa ya spiriti, kadi ya zamani ya simu, pesti ya prosesa ndani ya bomba dogo la sindano, na kipimo cha wati cha kuchomekwa ukutani. Daftari la mistari lilikaa mwisho. Nilivuta kiti.

Alianza na vumbi. Nchi ya chini ya Ewaso Ng'iro ni kavu, na upepo wa alasiri hupitisha vumbi hata chini ya mlango uliofungwa. Feni ya kompyuta hulivuta vumbi hilo siku nzima na kulilaza kwenye mapezi ya alumini yanayopoza prosesa. Fundi alitoa kasha la Dell nje barazani, akaligeuza kinyume na upepo, akaingiza kidole kimoja kati ya mapanga ya feni ili yasizunguke, kisha akapiga brashi taratibu kutoka juu kwenda chini. Kidole kile kina maana yake. Feni ikipulizwa na kuzungushwa kwa nguvu huumia beringi, na motor yake hugeuka kuwa jenereta ndogo inayosukuma umeme kwenye bodi.

Baada ya hapo aliirudisha mashine mezani na kuiwasha, akaiacha ijipashe moto kwa dakika chache huku akinywa chai. Pesti iliyopoa hugandamana na chuma. Ikipata joto hulegea. Alipoona inatosha aliizima, akachomoa waya, akabonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na akagusa chuma cha kasha kwa kiganja kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Hapo ndipo bisbisi ilipoingia.

Kipoza cha OptiPlex hushikwa na skrubu nne. Alilegeza ya kwanza nusu mzunguko tu, akaruka hadi iliyo mkabala nayo kwa mshazari, nusu mzunguko tena, akarudi. Hivyo mpaka zote nne zikaachia pamoja, ili kipoza kisiinamie upande mmoja na kukandamiza kona ya prosesa. Hakukivuta juu. Alikizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka kikatoa sauti ndogo ya kubanduka. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa magamba ya kijivu. Aliyakwangua kwa kadi ya simu, kwa sababu bisbisi ingekwaruza, kisha akalowesha kitambaa kwa spiriti na kufuta kutoka ukingoni kuelekea katikati, asisukume uchafu kwenye bodi.

Maandishi yakatokea. Kifuniko cha prosesa kilichokuwa tope sasa kilikuwa chuma cheupe chenye mistari mitano ya herufi ndogo. Fundi aliinamisha kasha kuelekea dirishani na kusoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayehakiki jina kwenye kitambulisho: Core i5-3470. SR0T8. 3.20GHZ. MALAY. Kisha mstari unaoanza na L231.

Watu wengi husoma mstari wa kwanza na kuondoka. Yeye aliandika yote daftarini, na alipoulizwa alieleza moja baada ya nyingine bila haraka. i5 ni daraja la soko tu. Kuna i3 chini yake na i7 juu yake, na peke yake haisemi mengi. Ile 3 inayofuata kistari ndiyo kizazi: hiki ni kizazi cha tatu cha Core, cha mwaka 2012, kilichochongwa kwa teknolojia ya nanomita 22. 470 ni cheo ndani ya kizazi hicho. SR0T8 ni alama ambayo Intel iliipa aina hii peke yake. Jina likifutika, alama hiyo inatosha kukupa maelezo yote. L ni kiwanda cha Malaysia, 2 ni mwaka 2012, 31 ni wiki ya thelathini na moja. Kipande hiki cha silikoni kimevuka bahari zaidi ya mara moja kabla ya kufika hapa, na bado kinaweza kutaja wiki kilipotoka kiwandani.

Kisha aligeukia kile kijisanduku cha Lenovo. Skrubu moja nyuma, kifuniko kikateleza, feni ndogo ikainuka, kipoza kikatoka kwa utaratibu uleule wa mshazari. Kadi, spiriti, kitambaa, dirisha. Akanyamaza kidogo. Akamwita mwalimu aje asome mwenyewe.

i5-3470T. 2.90GHZ.

Herufi moja iliyoachwa kwenye risiti. Herufi hiyo hubadilisha karibu kila kitu. 3470 isiyo na herufi ina viini vinne, kila kimoja kikifanya kazi yake, kasi ya kawaida gigahezi 3.2 na ya juu 3.6, kashe ya megabaiti 6, na kipimo cha joto cha wati 77. 3470T ina viini viwili tu. Kasi yake ya kawaida ni 2.9, ingawa ya juu hufika 3.6 vilevile, kashe yake ni megabaiti 3, na kipimo chake cha joto ni wati 35. Ipo pia 3470S, yenye viini vinne na wati 65. Jina moja, mashine tatu. Sijui kama aliyeandika risiti alidanganya au alichoka kuandika, na fundi hakutaka kulijadili.

Alichotaka kuonyesha ni jinsi kosa hilo linavyojificha. Aliwasha mashine zote mbili kwa flashi yenye Linux na kufungua ukurasa wa grafu za prosesa. Kila moja ilionyesha grafu nne. Mwalimu alitabasamu: si ziko sawa? Fundi akaandika amri fupi, lscpu, na kuweka kidole kwenye mstari unaotaja idadi ya viini kwa kila soketi. Huku vinne, huku viwili. 3470T hukifanya kila kiini kipokee nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mfumo huhesabu nne. Kiini kinachosubiri data kwenye uzi mmoja hushughulikia mwingine, na hilo husaidia kweli, lakini halikifanyi kiini kimoja kuwa viwili.

Na gigahezi? Hapo sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndiyo namba inayopigiwa kelele madukani. Gigahezi huhesabu mapigo kwa sekunde, mabilioni yake. Haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani. Mwaka 2004 Intel iliuza Pentium 4 ya gigahezi 3.8, yenye kiini kimoja na kipimo cha wati 115, na mwaka huohuo ikafuta mpango wa kuifikisha gigahezi 4. Joto lilikuwa limeishinda. Hii T ya 2.9 ingeiacha mbali ile 3.8 kwa karibu kazi yoyote, tena kwa chini ya theluthi ya zile wati. Kashe nayo hupuuzwa. Ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Data inayokutwa humo haisubiriwi kutoka RAM, iliyo mbali na yenye mwendo wa pole kwa viwango vya prosesa.

Lakini namba aliyoizungushia duara daftarini ilikuwa ya wati, na hapa nakubaliana naye kabisa. Ofisini Nairobi, wati ni mstari wa mwisho kwenye karatasi. Korbesa ni wa kwanza. Alipiga hesabu mbele yetu: 77 kutoa 35 ni 42. Kwa saa tano za kazi nzito ni wati-saa 210. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ukitaka idumu usiichote zaidi ya nusu, yaani 600. Tofauti ya prosesa peke yake ingekula theluthi ya akiba hiyo. Akaongeza tahadhari ambayo wauzaji huiruka: wati hizo ni kipimo cha joto ambalo kipoza lazima kiweze kuliondoa prosesa ikikazwa. Mwanafunzi akiandika insha, mashine hutumia sehemu ndogo tu.

Joto la mahali nalo huingia kwenye hesabu. Kipoza cha upepo hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kupunguza pengo kati ya viwili hivyo. Pengo likiwa nyuzijoto 30, chumba chenye 22 hukupa 52, na chumba chenye 36 hukupa 66. Kwa 3470, kikomo cha Intel cha joto la kifuniko ni 67.4. Uchovu wa pesti na vumbi la msimu mmoja vinatosha kula salio lililobaki, na prosesa ikizidiwa hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mtumiaji huona mashine nzito na kulaumu virusi.

Ndiyo maana pesti ilichukua muda wake. Alikamua tone lenye ukubwa wa punje ya kunde katikati ya kifuniko cha 3470, basi. Hakulisambaza kwa kidole. Alishusha kipoza wima, akauacha uzito wake ulitandaze, na kurudisha skrubu kwa mshazari, zamu kwa zamu, mpaka zikakataa zenyewe. Kwenye ile T alifanya hivyohivyo kwa tone dogo zaidi. Pesti kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya vyuma viwili. Ikizidi, yenyewe inakuwa blanketi.

Kipimo cha wati kikachomekwa. Ile ndogo ikiwa imetulia ilisoma kama 15, ile kubwa thelathini na kitu. Akazikaza zote kwa programu ya majaribio, akatazama joto likipanda kisha likisimama, akasubiri, akaandika. Akasubiri tena. Mimi ningeridhika na usomaji wa kwanza. Yeye alingoja mpaka tarakimu zikakaa mahali pamoja kwa muda wa kumaliza kikombe cha pili.

"Mwalimu, ndogo iende kwenye sola. Kubwa ifanye hesabu za mitihani na video jenereta ikiwaka."

"Na tukipata pesa, fundi, tuiwekee kubwa i7?"

"i7-3770 itaingia. Soketi ni ileile ya 1155, wati ni zilezile 77, nyuzi za kazi zinakuwa nane. Ukiletewa 4770 usiipokee, hiyo ni ya soketi 1150, haikai." Alifunga kifuniko cha bomba la pesti na kulifuta. "Lakini hii ina RAM gigabaiti nne na diski ya kuzunguka. Nunua RAM na SSD kwanza. Prosesa hii bado haijapewa kazi ya kuichosha."