Kasuku wa Blanketi Kuukuu

Blanketi lilikuwa la kijivu, la sufu nzito, lenye mstari mmoja wa buluu pembeni, aina ambayo kwetu tungeiita blanketi la jela. Lilitoka duka la mitumba la mjini, chini ya rundo la suruali. Anti alilishika kabla hajaliangalia. Alisugua pindo lake kati ya kidole gumba na cha shahada, akalivuta kidogo, akalinusa, kisha akalinyanyua dirishani aone mwanga unapenya wapi. Palikuwa na matobo matatu ya nondo na doa la siku nyingi. Akaliweka upande wa yanayofaa.

Nimekua karibu na watu wanaofungua balo la mitumba. Mchambuzi mzuri wa soko la Karume hasomi lebo. Vidole vinamwambia kila kitu kabla nguo haijakunjuliwa. Lakini yeye anatafuta nguo itakayovaliwa kama ilivyo. Anti alikuwa anatafuta sufu itakayokunywa rangi. Akitia shaka huchomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, blanketi linarudi rundoni.

Hapa ni Alice Springs, katikati kabisa ya Australia, mji ambao wenyewe, watu wa Arrernte, wanauita Mparntwe. Kuanzia 1928 hadi 1964 Waaborijini walikatazwa kukaa mjini humu bila kibali, katika ardhi iliyokuwa yao kabla hapajajengwa nyumba hata moja. Wengi waliishi pembezoni, kando ya mito mikavu na chini ya vilima, na kutokana na makazi hayo zikatokea kambi zinazouzunguka mji mpaka leo. Moja ni Yarrenyty Arltere, ambayo pia huitwa Larapinta Valley. Mwaka 2000, katika kipindi cha shida kubwa, kilianzishwa hapo kituo cha kujifunzia, na ndani ya kituo hicho akina mama wakaanza kupika mablanketi makuukuu na kuyageuza ndege, mbwa na watu. Majina ya wasanii wake, Marlene Rubuntja na Dulcie Sharpe miongoni mwao, yanafahamika sasa katika majumba ya sanaa ya nchi nzima.

Mama niliyekaa naye hakutaka kuandikwa jina. Kila mtu anamwita Anti, wadogo kwa wakubwa, nami nikamwita hivyo. Neno ni la Kiingereza, lakini heshima iliyomo si ya Kiingereza. Kwa watu wa Arrernte dada wa mama ni mama, wala haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji aliyelelewa na mama mkubwa na mama mdogo. Siku ya pili alikuwa ananiita mwanangu.

Lile blanketi lililala majini usiku kucha. Sufu kavu ikitiwa rangi huishika kwa mabaka, panapotakiwa na pasipotakiwa. Asubuhi Anti alilikamua kwa kulikandamiza tu, bila kulisokota, akalitandaza kwenye sakafu ya saruji. Majani yalikuwa yameshachumwa, magunia mawili, kutoka miti ya kando ya mto Todd, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Waarrernte huuita mti huo apere. Ni mkaratusi. Kwetu tunaujua kwa nguzo za umeme na kwa majani ya kujifukiza mafua, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulipandwa Kenya ili kulisha moto wa injini za reli. Nilikuwa nimezoea kuuona umesimama kwa mistari kama askari. Hapa umejipinda utakavyo, shina jeupe kama chokaa, mizizi ikitafuta maji chini ya mchanga, na nilifurahi kuuona uko kwao.

Anti aliyapanga majani moja moja, mgongo ukitazama chini. Mahali pengine aliyabananisha, pengine akaacha nafasi ya kiganja. Halafu akavuta ndoo ya vyuma: vifuniko vya makopo, misumari, springi ya kiti cha gari, vyote vimeliwa na kutu. Vinaokotwa kambini na kandokando ya barabara. Alivipekua kwa sauti ya mtu anayechagua vyombo vya kulia wageni, akateua vifuniko vitano na kuvilaza juu ya majani upande mmoja tu wa blanketi. Upande wa pili hakuuwekea chuma. Nilidhani amesahau.

Kisha akaanza kukunja. Aliweka kipande cha bomba lenye kutu kwenye ncha, akalizungushia blanketi kwa kubana, akisimama kila baada ya mkunjo kurudisha jani lililoteleza. Ilipofika zamu ya kamba alikanyaga ncha moja kwa kisigino na kuvuta nyingine kwa mikono miwili, mzunguko baada ya mzunguko, kila mmoja ukikaa upana wa kidole kutoka kwa uliotangulia. Alipomaliza, furushi lilikuwa gumu kama gogo. Aliligonga sakafuni kusikia. Jani lisilobanwa haliachi alama, alisema, linaacha ukungu.

Jiko ni mawe na sufuria kubwa lililoshika masizi ya miaka mingi. Kuni ni za mulga, mti wa ukoo wa mgunga, mzito na wenye makaa yanayokaa. Hapo ndipo niliposhuhudia ufundi ambao ningeupita bila kuuona kama nisingekaa, maana Anti alikuwa hapiki, alikuwa anazuia kupika. Maji yakitokota kwa nguvu sufu husinyaa ikawa ubao. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia uso wa maji, na kila mapovu yalipoanza kupanda alivuta ukuni mmoja nje, si miwili, na yalipotulia sana aliurudisha. Hilo alilifanya kwa muda wa saa nne. Alikuwa anazungumza na wenzake, anacheka, anamkemea mbwa aliyesogelea moto, na mkono wake ulijua wakati wa ukuni bila yeye kukatiza maneno.

Maji yalibadilika kuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Ndani ya majani ya mkaratusi mna tanini, ile ile iliyomo kwenye majani ya chai na kwenye magome ya mkoko ya pwani yetu. Jani likikaa peke yake juu ya sufu hutoa rangi ya hudhurungi, ya machungwa au ya kutu, na sufu huishika bila dawa yoyote. Tanini ikikutana na chuma, huzaa weusi.

“Anti, tufungue tuone?” niliuliza jua lilipoegemea magharibi.

“Bado, mwanangu. Acha lilale humo.”

Likalala. Moto ulizimwa, sufuria likafunikwa kwa bati, na furushi likapoa polepole ndani ya maji yake mpaka kesho yake.

Asubuhi ile palikuwa na baridi ya kuuma masikio. Julai huku ni kipupwe, na usiku barafu nyembamba hufunga juu ya ndoo. Anti alikata kamba kwa kisu, fundo kwa fundo, akakunjua. Niliona kwa nini hakuweka chuma kila mahali. Nusu moja ya blanketi ilikuwa na majani ya rangi ya machungwa, mengine wazi hadi mshipa wa katikati, mengine yamefifia. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi, weusi wenye moshi ndani yake, na vile vifuniko vya makopo vimeacha duara zilizokolea. Pale kamba ilipobana palikuwa na mistari myembamba ya kijivu, upana wa kidole kati ya mmoja na mwingine. Alilisuuza mara tatu, akalianika uani kwenye uzio. Lile doa sikuliona tena. Matobo ya nondo yalikuwepo.

Wakati linakauka alinisimulia kuhusu mablanketi. Wakoloni waliwagawia Waaborijini blanketi kwa miongo mingi, na sehemu nyingi za nchi ilikuwa mara moja kwa mwaka, katika siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Kusini-mashariki, watu walikuwa na majoho ya ngozi za posamu yaliyoshonwa ngozi kwa ngozi, yasiyopitisha mvua. Blanketi la serikali liliipitisha. Halafu ukaja mgao wa unga, sukari na chai, na blanketi likawa humo humo, mkononi mwa aliyeamua nani apate. Anti hakulisema hilo kwa uchungu. Alikuwa ameshika ncha ya blanketi akiangalia kama imekauka. Nadhani ni sahihi kabisa kwamba kitu kilichowahi kutolewa kama posho kikatwe sasa kwa mkasi wa mwenyewe, kwa umbo alilolitaka mwenyewe.

Hana karatasi ya kukatia. Aliligeuza blanketi mara tatu, akaliacha, akanywa chai, akarudi kuligeuza tena. Kisha mkasi ukaingia upande mweusi. Mkono wa mkasi ulitulia mahali pamoja; kilichotembea ni kitambaa, kikizungushwa na mkono wa kushoto, na mgongo wa ndege ukatokea kwa mkato mmoja usiosita. Mdomo uliopinda. Kishungi. Mkia mrefu. Aliulaza upande wa kwanza juu ya blanketi lililobaki na kukata wa pili. Sufu iliyofuliwa miaka mingi imeshikana uzi kwa uzi, haichambuki, kwa hiyo hakupiga upindo wowote.

Alizishona pande mbili kwa uzi mnene wa sufu, sindano ikitokea nyuma na kuzunguka ukingo, kina kile kile kila mara. Nikahesabu: mishono mitatu katika upana wa ncha ya kidole, na mia ya mwisho ilikuwa sawa na ya kwanza. Anayemjua mshona kofia wa Lamu au Zanzibar, anayekaa barazani miezi kwa kofia moja ya viua, angeutambua mkono huo. Tumbo aliliacha wazi. Vipande vilivyokatika alivichana vidogo vidogo na kuvisukuma ndani kwa kijiti, akianzia nchani mwa mdomo, mahali pagumu kufikia, kifundo baada ya kifundo, akibonyeza kwa kidole kutafuta pengo. Kichwa peke yake kilimchukua nusu saa. Alipofunga tumbo, ndege alisimama kwa uzito wake.

Alikuwa kasuku mweusi, yule mwenye mkia mwekundu anayepita juu ya mji kwa makundi akilia kama mlango usiotiwa mafuta. Nilimpa Anti uzi mwekundu. Akatikisa kichwa.

“Huyu ni mama.”

Jike ana vitone vya manjano kichwani, na mkia wake una michirizi ya manjano na machungwa. Anti alivitia vitone kimoja kimoja, vidogo, bila kuvipanga safu. Jicho la kulia lilikuwa zuri. La kushoto, lililochukua mishono kama thelathini, alilitazama kwa mbali akiwa amenyoosha mkono, akachukua kisu na kulifumua lote. Mimi sikuona kasoro. Alilishona upya juu kidogo, pengine kwa unene wa uzi mmoja, na kasuku aliyekuwa anatazama sakafu akawa anatazama mlango.

Jioni ile alivaa koti. Lilikuwa koti la kiume la sufu, la duka lile lile la mitumba, alilokuwa amelipika msimu uliopita katika sufuria lile lile. Majani ya apere yalimpanda mgongoni hadi mabegani. Kila Julai Waaborijini wa Australia nzima huadhimisha wiki ya NAIDOC kwa maandamano, ngoma na chakula, na koti hili lilitengenezwa kwa ajili ya kutembea nalo mjini siku ya maandamano, wajukuu wakiwa mbele. Kwenye kiwiko nondo walikuwa wamelila. Hakulitia kiraka. Alilizungushia tobo uzi mweupe, halafu mwingine nje yake, halafu mwingine, duara ndani ya duara mpaka likajaa mkono.

“Hapa ni pahali pa maji,” alisema akilifunika kwa kiganja. Hakuendelea, nami sikuuliza pahali gani.

Kabla sijaondoka alinipa nusu ya blanketi jingine, limeshalowekwa, majani na kamba. Nilipanga, nikakunja, nikakanyaga ncha kwa kisigino kama nilivyomwona. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Alilichukua furushi, akaligonga sakafuni, akasikiliza, akaanza kufungua kamba ile mzunguko kwa mzunguko bila kusema neno. Alipomaliza akanirudishia ncha.

Nikaanza upya.