Nani, na Lini? Hadithi ya Upelelezi Mikononi mwa Wanaojifunza Kiswahili Mbarara na Nakivale

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu hapo mjadala umeelemea walimu na mitihani. Swali la kitabu gani apewe msomaji aliyekwisha kuvuka hatua ya mwanzo limeachwa nyuma. Makala haya yanaitetea hadithi ya upelelezi, na sababu kuu si kwamba inasisimua. Sababu ni kwamba utanzu huu humwadhibu papo hapo msomaji anayepuuza sarufi.

Chukua kiambishi -ka-. Katika Kiswahili sanifu, “alifunga mlango akaenda kisimani” huonyesha kwamba tendo la pili limefuata la kwanza. Mzawa wa Mbarara anakijua kiambishi chenye umbo hilohilo, lakini katika Runyankore “akagenda” ni wakati uliopita wa mbali. Anaweza basi kuona umbali pale ambapo mwandishi ameweka mfuatano. Katika masimulizi ya kawaida kosa hilo hupita bila kuonekana. Katika kesi ya mauaji, mshukiwa anapoeleza alipokuwa, kesi nzima huvurugika. Mnyarwanda wa Nakivale ana nafuu hapa, kwa kuwa -ka- ya lugha yake nayo huweza kufuatanisha matendo. Msomali ana taabu nyingine: kitenzi cha lugha yake hutofautisha mume na mke katika nafsi ya tatu umoja, ilhali “aliingia” ya Kiswahili haimwambii aliyeingia ni nani. Kwa mwandishi wa upelelezi hiyo ni hazina. Muuaji anaweza kutembea kurasa nyingi bila jinsia yake kujulikana, wala msimulizi hajadanganya.

Wanaojifunza Kijapani hukutana na jambo linalokaribiana na hili, pengine kali zaidi, kwa sababu Kijapani huweza kuacha kabisa kumtaja mtenda. Hadithi fupi ya Edogawa Ranpo ya 1923 kuhusu sarafu ya shaba ya sen mbili huficha fumbo lake katika maneno ya sala ya Kibudha na maandishi ya vipofu. Asiyeijua sala hiyo hubaki mlangoni, hata kama msamiati wote ameutafuta katika kamusi.

Muhammed Said Abdulla naye ana milango ya namna hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum, msaidizi anayeuliza yale ambayo msomaji angeuliza. Deni kwa Sherlock Holmes liko wazi. Kilicho cha Abdulla mwenyewe ni Unguja: mizaha, heshima za barazani, na jina kama Giningi, ambalo kwa Mzanzibari ni mahali pa wachawi na kwa kijana aliyetoka Bukavu ni sauti tupu. Kijana huyo huitwa mjuzi wa Kiswahili kwa kuwa amekua nacho, lakini Kiswahili chake husema “batoto”, na darasani husahihishwa kana kwamba hajui lugha. Najum anamfaa zaidi kuliko kitabu cha mazoezi: naye yumo ndani ya lugha lakini bado anauliza.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) ni nyepesi zaidi, na jiji lake la Dar es Salaam halidai ujuzi mwingi wa mila. Inafaa kutangulia. Hata hivyo Abdulla ndiye anayemlipa vizuri msomaji mvumilivu.

Kikwazo ni urefu. Upelelezi wa Kiswahili umekomaa katika riwaya, ilhali mwanafunzi anahitaji hadithi inayokwisha kabla nia yake haijakwisha. Kwa Nakivale, makazi yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambako familia huweza kuhamishwa kabla ya muhula kwisha, hilo si jambo dogo. Wakuza mitaala wangeanza kwa kuagiza hadithi fupi za upelelezi kutoka kwa waandishi wa ukanda huu, kila moja ya kurasa kumi hivi, ambamo ushahidi unategemea -ka-, -ki- na -me-, na ambamo angalau shahidi mmoja anasema Kiswahili cha Kivu na kuaminiwa.