Mawe ya Thimlich na Akili ya Kuyapanga

Ukuta wa boma la mawe la Kochieng' utazame kutoka chini. Wageni wengi wakifika Thimlich Ohinga huinua macho kwanza, maana urefu ndio unaosifiwa: mita moja na nusu hapa, mita nne na nusu pale, bila saruji, bila chokaa, bila hata udongo wa kushikizia. Lakini urefu haumwelezi fundi. Anaelezwa na jiwe la tatu au la nne kutoka ardhini, pale uzito wote wa juu unaposhukia, ambapo jiwe lililowekwa ovyo lingekuwa limekwisha kuteleza siku nyingi. Chuchumaa hapo uone jinsi jiwe moja lilivyokalia mawili, na mawili yalivyokalia moja. Ni nadra kuona mwanya unaopanda wima kutoka safu hadi safu, kwa kuwa kila mwanya umezibwa na jiwe la juu yake. Anayejua ujenzi atatambua mara moja kwamba aliyefanya kazi hii hakuwa akirundika mawe. Alikuwa akiyafunga.

Thimlich iko Nyatike, nchini Kenya, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, yapata kilomita 46. Anayetoka Homa Bay hupita Rodi Kopany, kisha Ndhiwa, akashika njia ya kuelekea Karungu. Ni nchi ya vilima vya mawe na vichaka vya miiba, na Ziwa Viktoria haliko mbali upande wa magharibi. Maboma makuu ni manne: Kochieng', ambalo ndilo kubwa na lililohifadhika vizuri zaidi, kisha Kakuku, Koketch na Koluoch. Kwa Dholuo, lugha ya Waluo, boma la namna hii ni ohinga. Watafiti wamehesabu maboma zaidi ya 500 katika maeneo yapatayo 140 katika eneo zima lililokuwa likiitwa South Nyanza, ambalo leo limegawanyika kati ya Migori, Homa Bay na jirani zao. Hesabu hiyo inanivutia kuliko sifa zote za Kochieng' peke yake. Kipaji cha mtu mmoja hakiwezi kuenea namna hiyo. Hii ilikuwa elimu ya nchi nzima: mtoto aliiona, kijana aliibebea mawe, mtu mzima aliisimamia.

Sasa tuingie ndani ya ukuta wenyewe, maana humo ndimo kazi ilimo. Ukuta wa Thimlich una sehemu tatu. Kuna uso wa nje, uliojengwa peke yake; kuna uso wa ndani, nao uliojengwa peke yake; na kuna sehemu ya kati inayoziunganisha hizo mbili. Mtu asiyejenga atadhani kati ni mahali pa kutupia vijiwe vilivyobaki. Sivyo. Ukuta wa mawe makavu, yaani usio na kitu cha kushikizia, hufia katikati. Vijiwe vya kati vikimwagwa tu, vitashuka taratibu kwa mvua na mtikisiko wa miguu ya ng'ombe, na vinaposhuka hujisukumia nafasi. Nyuso mbili zitaanza kuachana, na siku moja utaona ukuta umetoa tumbo. Ukishatoa tumbo, kuanguka ni suala la masika mangapi. Kwa hiyo fundi anayejua kazi hupanga kati kwa mkono, jiwe baada ya jiwe, akilikaza kila moja mpaka lisicheze. Na mawe ya usoni huyalaza kwa urefu kuelekea ndani ya ukuta, ili mkia wa jiwe ushikwe na uzito wa wenzake. Jiwe kubwa likisimamishwa wima ili lipendeze kwa wapita njia, linaonekana vizuri na halishiki kitu.

Kuna majaribu mengi ya udanganyifu katika kazi hii, na mengi hayangegunduliwa mpaka fundi mwenyewe awe amekufa. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu. Sehemu aliyoitolea jasho zaidi ni ile ambayo hakuna atakayeiona mradi ukuta umesimama.

Tufanye hesabu kidogo. Ukuta wenye kimo cha mita 3 na unene wa mita 2, ambavyo ni vipimo vya kawaida kabisa hapa, unahitaji mita za ujazo 6 kwa kila mita moja ya urefu wake. Hata ukiondoa mianya, hizo ni zaidi ya tani 10 za mawe. Kwa mita moja tu. Na kuna mahali unene unafika mita 3. Hakuna gari, hakuna winchi, na kila jiwe limeokotwa, limebebwa, limejaribiwa mahali fulani, pengine likakataliwa, likajaribiwa pengine. Nasema limejaribiwa kwa sababu mawe haya hayakuchongwa. Yamewekwa kama yalivyookotwa mlimani, makubwa kwa madogo, ya mviringo kwa ya pembe.

Wasomi wamependa kuilinganisha Thimlich na Great Zimbabwe. Neville Chittick, mwanaakiolojia ambaye jina lake linahusishwa zaidi na Kilwa na Manda, aliandika juu ya maboma ya mawe ya South Nyanza mwaka 1965, na Laurel Lofgren akachapisha utafiti wake mwaka 1967. Ulinganisho una maana, kwa kuwa kote huko hakuna saruji. Ila kwa upande wa ufundi mimi naona watu wa Nyatike walikuwa na mtihani mgumu zaidi. Matale ya Zimbabwe humeguka yenyewe vipande bapa, na jiwe bapa linajikalia. Ukiwa nayo ya kutosha unapanga safu kama matofali. Jiwe la Thimlich halina adabu hiyo. Kila moja linakuja na tabia yake, na safu zilizonyooka haziwezekani. Fundi wa Pwani naye, aliyejenga Gedi au Lamu kwa matumbawe, alikuwa na chokaa ya kumsaidia. Alipokosea kidogo chokaa ilimsitiri. Huku Nyatike hakukuwa na kitu cha kusitiri kosa. Shikizo lilikuwa uzito na msuguano tu.

Na kwa sababu hakuna chokaa, ukuta unapumua. Mvua ikinyesha maji hupenya mianyani yakatoka upande wa pili, hayatuami ndani kuusukuma ukuta. Jua likiwaka mawe yanatanuka kidogo bila kupasuana. Fundi wa leo mwenye timazi na pima maji anaujengea ukuta wake wa saruji mashimo ya kutolea maji, na akiyasahau, ukuta humuumbua. Huku ukuta mzima ni shimo la kutolea maji.

Malango ni madogo na ya chini, ya kuinama. Ukiingia unatanguliza kichwa, na anayekusubiri ndani akiwa na nia mbaya hana haja ya kukuuliza jina. Juu ya lango kuna mawe marefu yaliyolazwa kubeba ukuta, kile ambacho mafundi wetu huita linta. Jiwe halipendi kuvutwa, linapenda kukandamizwa. Linta ya mawe ikiwa ndefu hukatika tumboni. Ndiyo maana lango la mawe haliwezi kuwa pana. Ulinzi ulitaka mlango mwembamba, na jiwe lenyewe halikukubali zaidi ya hapo.

Ndani ya Kochieng' kuna mabonde madogo ya mviringo ambayo yalikuwa sakafu za nyumba, kuna nyua ndogo za mifugo, na kuna mawe ya kusagia. Katika eneo hilo kuna mahali palipofuliwa chuma. Kuna bao lililotobolewa mwambani, mchezo ambao Waluo huuita ajua, na mtu akiliona hilo anaacha kuwafikiria watu hawa kama askari wa zamu waliokaa wakitetemeka nyuma ya ngome. Waliishi. Ng'ombe walirudi jioni, wazee wakacheza.

Mpangilio huo hauko mbali na ule wa mji wa familia ya Kiluo unaofahamika hata leo: lango likitazamwa na nyumba ya mke mkubwa, wake wengine wakipangwa kulia na kushoto, duol, yaani kibanda cha baba, karibu na zizi, na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, zikiwa jirani na lango. Anayepita mashambani Ndhiwa au Kanyamkago anaweza kuusoma ukoo kwa namna nyumba zilivyokaa. Kuta za mawe zilikuwa zimezungushia utaratibu wa jamaa, zikionyesha nani ni wa ndani na nani ni mgeni.

Ujenzi wa Thimlich unakadiriwa kuwa wa karne ya 16. Jamii zilizofuatana hapa, za Kibantu na za Kiniloti, ziliyarithi maboma kwa zamu. Kila waliofika waliyakuta, wakayatengeneza, wakaongeza, wakahama, wakaja wengine. Kurithi ukuta wa mawe makavu si kama kurithi nyumba ya saruji, ambayo unaweza kukaa ndani yake miaka hamsini bila kujua ilijengwaje. Ukuta wa mawe makavu ukibomoka lazima uujue ili uurudishe. Kwa hiyo ufundi ulivuka kutoka lugha hadi lugha, kupitia mikono, bila kitabu.

Katika karne hiyohiyo, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Fort Jesus huko Mombasa kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, kwa amri ya mfalme aliyetawala Ureno na Hispania kwa pamoja, Felipe wa Pili. Ni mfalme yuleyule ambaye visiwa vya Ufilipino vimebeba jina lake, na katika muongo huohuo watu wake walikuwa wakiizungushia Manila ukuta wa mawe. Ngome hizo zina michoro, majina ya wahandisi, barua na hesabu za fedha. Huko Ufilipino pia, milimani Luzon, Waifugao wana matuta ya mpunga yanayoshikiliwa na kuta za mawe, na hakuna mhandisi anayetajwa. Historia huwapa majina wale walioagizwa na mfalme.

Ukoloni ulipofika upande huu wa ziwa haukuhitaji kuzibomoa kuta. Waingereza walianzia Karungu, wakahamia Kisii, na baada ya muda uvamizi na wizi wa mifugo kwa silaha ulipungua. Kodi ya nyumba ilihesabu kila paa. Mwaka 1906 Waadventista walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, na kutoka huko ukaja mtindo wa nyumba za pembe nne, madirisha na mabati. Watu wakatoka ndani ya mawe wakaenda kuishi karibu na mashamba yao. Maboma mengi yalikuwa yamekwisha kuachwa kufikia katikati ya karne ya 20. Miji mipya ikazungushiwa ua wa mnyaa, ojuok, wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Mahali pasipo na mawe, watu walikuwa wametumia tangu zamani boma la udongo na handaki, gunda bur, na alama zake bado zinaonekana sehemu nyingi za Nyanza.

Ua wa mnyaa hupandwa kwa siku chache, na hakuna wa kumlaumu aliyeuchagua. Ila ufundi wa mawe hauhifadhiki kwa kutazamwa. Haja ilipoondoka, mazoezi yalikoma. Mazoezi yalipokoma, kuta zikabaki peke yao na mizizi ya miti, mbuzi wanaopanda juu, na mtu wa jirani anayehitaji mawe machache ya msingi wa nyumba yake.

Mwaka 2000 Thimlich iliingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mahali palipo hatarini, na kazi ya kurudishia sehemu zilizobomoka ikafanyika chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukarabati wa aina hii una sheria zake. Sehemu iliyotoa tumbo haisukumwi irudi, wala haipakwi saruji, maana saruji huziba maji na kuufanya ukuta mgumu mahali pamoja na mlegevu pengine. Inafunguliwa mpaka kufikia mawe yaliyotulia, mawe yanawekwa alama na kupigwa picha, kisha yanarudishwa. Anayefungua ukuta hivyo ndiye pekee anayeonyeshwa siri ya kati. Isaya Onjala, mwanaakiolojia aliyeyatafiti maboma haya kwa miaka mingi, ameandika mengi juu yake, lakini hata maandishi mazuri hayafundishi kiganja kupima jiwe.

UNESCO iliiandika Thimlich Ohinga katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, kikaoni Manama, Bahrain. Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, shirika lilelile liliandika katika orodha yake nyingine ufundi wa kujenga kwa mawe makavu, kwa ombi la nchi nane za Ulaya, zikiwamo Ugiriki, Kroatia, Italia na Uhispania. Huko kilichotambuliwa ni ujuzi wa watu walio hai. Kwetu kilichotambuliwa ni mahali. Sidai kwamba tulipunjwa. Hapa wajenzi walikuwa wamekwisha kuondoka. Lakini wale waliorudishia kuta wakati wa ukarabati wameshika mawe yaleyale, wameona kati palivyo, na vijana wa Nyatike wanaosomea uashi wangeweza kupewa kipande cha ardhi nje ya eneo lililohifadhiwa, wajenge mita chache, wazibomoe, wazijenge tena. Mawe yapo, yametapakaa mlima mzima.