Kurasa 2,015 za Magauni: Namna ya Kusoma Viungo vya Tovuti

Msimu wa sikukuu wa mwaka 2010, Mmarekani aliyetafuta magauni kwenye Google alikutana kwanza na JCPenney. Akitafuta matandiko, JCPenney. Mazulia, vitambaa vya meza, jinzi za kubana: JCPenney. Hata aliyeandika jina la Samsonite akitaka begi la safari aliletewa duka hilo kabla ya tovuti ya Samsonite yenyewe. JCPenney ni duka kubwa na la siku nyingi, lakini ukubwa hautoshi kueleza ushindi wa bidhaa nyingi kiasi hicho kwa mpigo. Gazeti la The New York Times likamwomba mtaalamu wa utafutaji, Doug Pierce wa kampuni ya Blue Fountain Media, achunguze. Matokeo yalichapishwa Februari 2011, na hadi leo ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kuelewa viungo vinavyoelekea kwenye tovuti yake.

Viungo vina nguvu kwa sababu ya hesabu ya Google iitwayo PageRank, ambayo Larry Page na Sergey Brin waliieleza mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Kiungo huhesabiwa kama kura, ila kura hazilingani. Ukurasa ambao wenyewe umeungwa mkono na wengi hutoa kura nzito, na uzito huo hugawanywa kwa viungo vyote vilivyomo. Juu ya hapo, Google husoma maneno yanayobeba kiungo ili ijue ukurasa unaoelekezwa unahusu nini. Basi anayeweza kupandikiza maneno anayoyataka kwenye kurasa nyingi anaweza kujipigia kampeni bila wapiga kura.

Pierce hakudukua chochote. Alichukua orodha ya viungo, ambayo kwa zana za kawaida mtu yeyote angeweza kuipata, akaichunguza. Alikuta kurasa 2,015 zenye viungo vilivyobebwa na maneno kama "magauni ya jioni" au "gauni fupi jeusi" kwa Kiingereza, vyote vikielekea ukurasa wa magauni wa JCPenney. Kilichoifichua hila ni yale yaliyoonekana ndani ya orodha, wala si urefu wake.

La kwanza ni mada. Viungo vya magauni vilikuwa kwenye tovuti za maradhi, kamera, mbwa, kukoroma, uvuvi na madaktari wa meno. Kimoja kilikuwa kwenye tovuti ya uhandisi wa nyuklia. Mwandishi wa mambo ya nyuklia hana sababu ya kumwelekeza msomaji wake kwenye gauni la sherehe.

La pili ni maneno yenyewe. Watu wakiielekeza tovuti kwa hiari yao, kila mtu huandika lake. Duka la samani la Mwanza litatajwa kwa jina lake, kwa anwani yake tupu, kwa "bonyeza hapa", na mara chache tu kwa "meza za mninga bei nafuu". Pale ambapo maneno ya kibiashara yanajirudia neno kwa neno katika tovuti zisizojuana, ujue kuna mkono mmoja nyuma yake.

La tatu ni hali ya ukurasa wenye kiungo. Baadhi ya tovuti hizo zilikuwa zimetelekezwa, na zipo zilizokuwa na rundo la viungo bila habari ya kusoma. Jambo la nne, ambalo zana za leo huonyesha kwa grafu, ni muda: viungo mia vikiibuka ndani ya wiki moja pasipo habari, bidhaa mpya au tukio lolote, vinahitaji maelezo.

Dalili moja peke yake haimtii mtu hatiani. Tovuti ya meno inaweza kuwa na sababu halali ya kutaja magauni. Zikikutana tatu, utetezi huwa mgumu.

Google ilipopata taarifa, ilichukua hatua kwa mkono. Jioni ya Februari 9, saa moja, JCPenney ilikuwa bado ya kwanza kwa mabegi ya Samsonite. Saa mbili baadaye ilikuwa ya 71. Kwa samani za sebuleni ilitoka nafasi ya kwanza hadi ya 68. Kampuni ilikana kuidhinisha viungo hivyo au kujua habari zake, ikaachana na washauri waliokuwa wakiishughulikia. Aprili 2012 Google ilileta Penguin, mfumo wa kuvibaini viungo vya hila kwa kompyuta, na tangu 2016 umekuwa sehemu ya hesabu yake ya kila siku.

Ukifungua orodha ya viungo vyako leo, usianze na jumla. Panga kwa tovuti kwanza, maana viungo elfu kutoka tovuti moja ni sauti moja. Kisha soma maneno yanayovibeba, halafu fungua kurasa chache kwa macho yako. Ukikuta takataka ambazo hukuzileta wewe, usihangaike: Google yenyewe huzipuuza nyingi. Zana yake ya kuvikana viungo, iliyotolewa Oktoba 2012, ni ya aliyekwisha kuadhibiwa au aliyenunua viungo na sasa anataka kujisafisha.

Na akikujia mtu na ofa ya viungo mia tano kwa bei ya kutupa, mwombe akuonyeshe kurasa kumi atakamoviweka. Zisome. Kama huoni kwa nini msomaji wa kurasa hizo angebonyeza kuja kwako, hata Google haitaona.