Kila Kisiwa Kina Bara Lake

Kila msimu wa kampeni, Kigoma hupewa jina jipya. Mara tutakuwa Dubai, mara tutakuwa Singapore. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hiyo, juani, daftari mkononi, nikiandika jinsi reli, bandari na ziwa vitakavyotugeuza kuwa mji wa vioo na bustani. Watu hupiga makofi. Na mimi nimewahi kupiga, nisiwe mnafiki. Nani hataki kuishi mahali pasafi?

Ila kila nikisikia Singapore, swali langu ni moja: maji wanatoa wapi? Kisiwa kile kinachosifiwa kwa miti na usafi kimeishi miaka mingi kwa maji ya bomba yanayotoka Johor, Malaysia, kwa mikataba ya 1961 na 1962, na huo wa pili unakwisha 2061. Mchanga wa kujazia bahari ili ardhi iongezeke umechotwa nchi za jirani, mpaka baadhi yao zikakataza mchanga wao kuuzwa nje. Sisemi hivi kuwabeza, wamefanya makubwa. Nasema tu kwamba mji wa kisiwani hauishi kwa kisiwa chake peke yake. Mahali fulani kuna bara linalobeba, na wanaopiga picha hawafiki huko.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulijua hilo. Mji-dola wetu wa kisiwani tulikuwa nao: Unguja ya masultani. Na bara lake lilikuwa hapa ninapoandikia, Ujiji. Kwa hiyo mwaka huu nimezirudia riwaya tatu za pwani na visiwani ambazo wengi wetu tunazipenda, nikazisoma na swali lile lile la maji. Humu ndani watu wanaishi vizuri, sawa. Nani amebeba?

Nianze na Adam Shafi, kwa sababu huyu bwana hana aibu ya kuingia jikoni. *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotoka 1978, ingeweza kuwa kitabu cha kushangaa mali: kasri, mashamba ya mikarafuu, bwana aliyelala hadi jua limepanda. Shafi anatuonyesha hayo yote, kisha anatutoa kwa mlango wa nyuma na kutupeleka kwa Kijakazi, mtumishi anayeamini kwamba kumhudumia Fuad ndiyo kazi aliyoumbiwa. Ukimsoma Kijakazi unaielewa nyumba nzima. Usafi wa sakafu ile ni mgongo wa mtu. Ubaridi wa chumba kile ni mtu aliyeamka alfajiri kuteka maji. Kwangu mimi hili ndilo somo bora la mazingira katika riwaya ya Kiswahili, na Shafi halihubiri. Analionyesha kwa ndoo na ufagio.

Lakini nilipofunga kitabu nilikuwa najua Kijakazi anamtumikia nani. Kwao ni wapi, nisingeweza kuonyesha kwa kidole. Jina lenyewe ni cheo cha utumwa. Mikarafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na watu waliovushwa kutoka bara, wengine kutoka Nyasa, wengine kutoka huku kwetu na ng'ambo ya ziwa. Riwaya inaufuata mnyororo kutoka chumbani kwa bwana hadi kwenye kibanda cha mtumishi, ikifika ufukweni inauachia. Mapinduzi ya 1964 yanakuja, hesabu inafungwa kati ya watu wa kisiwani. Bara halimo kwenye kesi.

*Vuta N'kuvute*, ya 1999, inasogea hatua moja. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anaikimbia nyumba ya mumewe na kupata hifadhi kwa Mwajuma, Ng'ambo. Wengi wanaisoma kama riwaya ya mapenzi na siasa, kwa sababu ya Denge, na ni kweli. Mimi safari hii nimeisoma kama riwaya ya nyumba mbili. Ya kwanza ina kila kitu na haikaliki. Ya pili ni chumba kibovu chenye wageni wengi kuliko viti, na msichana anapumua kwa mara ya kwanza. Mwandishi mvivu angeishia kutuambia maskini wana furaha. Shafi haishii hapo: chumba cha Mwajuma kina joto la watu, lakini kina njaa pia, na polisi wanajua njia ya kufika.

Na hilo neno Ng'ambo. Mji Mkongwe ulitengwa na Ng'ambo na mkono wa bahari, maji yakijaa unavuka, yakikupwa unapita kwa miguu, kabla haujafukiwa na kuwa barabara. Upande ule wa mawe walikaa wenye nyumba za ghorofa na milango ya kuchonga. Upande huu wa udongo walikaa waliowajengea, na kati yao Wamanyema, Wanyasa, Wayao. Sisi Kigoma tukisema ng'ambo tunaonyesha milima ya Kongo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la nchi. Kumbe kila mji wenye raha una ng'ambo yake, na maana haibadiliki: ni kule wanakotoka wanaofanya kazi.

Sasa *Peponi*. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapisha 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Kuna watu husema tafsiri hupunguza. Hii imerudisha. Mnyapara na rehani ni maneno yaliyokuwa wageni kwenye ukurasa wa Kiingereza; hapa yamekaa kwao. Mtu aliyewahi kupeleka redio au baiskeli ya baba yake kwa mdai, akaiacha, hahitaji kuelezwa rehani ni nini. Kisha anasoma kwamba safari hii kilichoachwa ni mtoto wa miaka 12.

Mtoto huyo ni Yusuf, na nyumba anayopelekwa ni ya tajiri Aziz, katika mji wa pwani ambao mwandishi hakuutaja jina. Si kisiwani, lakini mtindo wa maisha ni ule ule. Ndani ya ukuta kuna bustani: maji, miti ya matunda, kivuli, harufu. Anayeitunza ni Mzee Hamdani, mtumwa wa zamani aliyekataa kupokea uhuru kama zawadi, kwa hoja kwamba aliyempa hakuwa na haki ya kuwa nao mkononi. Gurnah anamwacha Yusuf aipende bustani hiyo, na sisi tuipende, kisha polepole anatuonyesha kwamba kila anayetembea mle ndani amelipiwa au ameshikiliwa. Khalil dukani ni deni. Amina ni deni. Yusuf mwenyewe ni deni. Bustani ni nzuri kweli. Gurnah hadanganyi kwa kuifanya mbaya ili tuichukie kwa urahisi. Ndiyo maana inauma.

Na tofauti na Shafi, Gurnah anavuka. Msafara wa Aziz unapanda bara, unafika ziwani, unalivuka, unafika kwa Chatu, na Chatu anawanyang'anya mali. Hapo riwaya inafanya jambo ambalo sikulitegemea: inampa Chatu hoja. Anazo sababu zake, wafanyabiashara waliotangulia walimdhulumu. Bara, kwa mara moja, linaleta ankara mezani.

Lakini hapa ndipo ninapogombana na kitabu ninachokipenda. Ziwa letu ndani ya *Peponi* ni mahali pa kupita. Ni homa, ni hofu, ni hasara. Wenyeji tunawaona kwa macho ya wapagazi waliochoka na wafanyabiashara wanaowaita washenzi. Najua Gurnah anawacheka hao wafanyabiashara, lakini kicheko chake hakituingizi kwenye nyumba hata moja ya huku tukakaa hadi jioni. Bustani ya Aziz ninaijua kona kwa kona. Ziwa Tanganyika nalijua kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi akiomba afike.

Wala si kwamba historia ilinyamaza. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakaikuta ni mji wa biashara. Mwinyi Kheri, mtu wa pwani, aliiongoza kwa miaka mingi hadi alipofariki 1885, na bendera iliyotambulika hapa ilikuwa ya Sultani Barghash. Ni Barghash huyo huyo aliyewavutia watu wa Unguja maji ya bomba mjini na kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mapato ya ushuru wa forodha ndiyo yaliyoibeba dola ile, na pembe za ndovu zilizopita Ujiji zililipa ushuru huo. Ukitaka hesabu kavu, soma *Maisha ya Hamed bin Muhammed*, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode 1902 na 1903. Mzee yule anahesabu pembe kwa frasila bila kutetemeka. Alifariki 1905, nyumbani kwake Mji Mkongwe. Pembe zilikwenda kisiwani, watu walikwenda kisiwani, na fasihi nayo ikawafuata huko.

Ndiyo hali ilivyo mpaka leo. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Njia ya kati ya utumwa na pembe, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, iliwekwa kwenye orodha ya kusubiri mwaka 2006. Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, nchi nzima ililia, na ilistahili. Nyumba ya udongo ya Ujiji ikianguka, majirani huja na toroli kuchukua mawe ya msingi.

Mgeni akija, tunampeleka kwenye makumbusho ya Livingstone. Atakuta sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana, na miembe. Kisha atauliza: mbona ziwa liko mbali? Ziwa lilikuwa juu enzi zile. Lilizidi kupanda hadi karibu 1878 lilipopasua njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka kama mita 10 ndani ya miaka isiyofika 20. Ufuko walioukanyaga watu wa misafara umebaki nchi kavu, umejengwa, umelimwa mchicha. Na miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena, yamekula kuta za watu pwani. Mahali kama hapa ushahidi haukai. Usipoandikwa, maji yanakuja au yanaondoka, na mambo yanaishia hapo.

Kwa hiyo lawama yangu si kwa Shafi wala Gurnah. Wao waliandika walikotoka. Riwaya ya Ujiji ilitakiwa kuandikwa na sisi, tena wasomi tunao, na Kiswahili tunacho tangu enzi za misafara.

Nilikuwa nimalizie hapo. Ila swali la maji haliishi kwa kuwauliza wenzako tu.

Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, kulikuwa na dada wa kazi. Alivuka ziwa kutoka ng'ambo mwaka 1996, vita ilipoanza kule, kama walivyovuka maelfu. Hakwenda kambini, alibaki mjini, akaletwa kwetu na mtu aliyemjua mama. Aliteka maji, alianika dagaa, alinibeba mgongoni nikiumwa malaria. Tulimwita Dada tu. Mama alikuwa akisema, kwa kujivunia, kwamba nyumba yetu ndiyo safi kuliko zote mtaani. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikisoma *Kasri ya Mwinyi Fuad* mara ya pili, kwenye kurasa za Kijakazi, ndipo nikaweka kitabu chini na kujaribu kukumbuka kijiji cha Dada. Sikukumbuka, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Aliondoka nikiwa sekondari. Mimi, mtoto wa Ujiji ninayelalamika kwamba kisiwa kilitusahau, nilikulia kwenye kisiwa, na bara langu lilikuwa linalala jikoni.

Hivyo ndivyo ninavyosoma sasa ndoto ya Kigoma kuwa Singapore. Mashamba yetu yanalimwa na vibarua wengi kutoka Burundi. Mawese yetu yanakamuliwa vijijini na wanawake ambao mji hauwajui majina. Tukifanikiwa, tukapata vioo na bustani, tutakuwa na bara letu pia. Tayari tunalo.

Basi atakayeandika riwaya ya Ujiji, na naamini yupo, pengine anasoma hapa, ninamwomba jambo moja. Asianze na mwembe wa Livingstone. Asianze pia na sisi tuliodhulumiwa, ingawa tulidhulumiwa. Aanze alfajiri, na msichana anayeshuka ziwani na ndoo, na amuulize kwao ni wapi.